Mwenye Wimbo na Mwenye Mashine

Kiriba ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Musoma, katika ile nchi ya Wajita na Waruri ielekeayo Ziwa Nyanza. Mtu aliyetunga wimbo mahali kama hapo katikati ya karne ya ishirini, akataka usikike hata asipokuwapo mwenyewe, alikuwa na safari ndefu mbele yake. Mashine ya serikali ya kunasa sauti ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mashine za wafanya biashara zilikuwa Nairobi, ng'ambo ya mpaka. Wala mtu huyo aghalabu hakuwa mwanamuziki wa kazi. Alikuwa mvuvi, au mkulima wa pamba, au mwalimu wa shule, apigaye zeze au gitaa jioni baada ya shughuli zake, na atungaye kwa sababu jambo fulani limemkaa moyoni. Watu wa namna hii, ambao siku hizi huitwa wanamuziki wa ridhaa, ni wengi kupita wale waishio kwa muziki. Walakini katika historia ya muziki wa Afrika ya Mashariki hutajwa kwa nadra, kwani historia hiyo kwa sehemu kubwa imeandikwa kutokana na santuri, na santuri zilikuwa mali ya wengine.

Kwa hiyo habari za watunzi hao haziwezi kuelezwa bila kueleza pia habari za mashine. Kwa muda wa miaka hamsini na zaidi mwenye wimbo na mwenye mashine walikuwa watu wawili mbalimbali, nao hawakuwa sawa. Mmoja alikuwa na maneno na sauti. Wa pili ndiye aliyeamua maneno gani yatadumu, kwa muda gani, na kwa jina la nani.

Kabla ya mashine, wimbo ulijulikana mwenyewe kwa kuwa mwenyewe alionekana. Wakurya wa Tarime wana litungu lao, chombo kikubwa cha nyuzi nane; Wajaluo, majirani zao, wana nyatiti, nayo ina nyuzi nane. Mpiga chombo akialikwa penye arusi au matanga huingiza majina ya wenyeji, hupunguza beti hapa na kuongeza kule, na wimbo wa jana huwa mwingine leo. Mtu mwingine akiuchukua, watu husema kwamba huo ni wimbo wa fulani, nao husema kweli maadamu wangali wakimkumbuka fulani. Haifai kuusifu mno utaratibu huu. Ulimlinda mtunzi katika eneo ambalo mtu aweza kulitembea kwa siku mbili au tatu. Nje ya hapo haukumlinda hata kidogo, na baada ya vizazi viwili ulimsahau kabisa.

Mashine ilipofika pwani, waimbaji ndio walioifuata. Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti zao zitiwe katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Hao walikuwa mashuhuri, nao walikuwa na wenye mali wa kuwagharimia safari. Mtu wa bara asiye na jina hakuweza kufika Bombay. Ilibidi mashine imwendee yeye.

Aliyeipeleka alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903, akaenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku, akavutwa na nyimbo za watu aliolima pamoja nao. Mwaka 1950, kwa msaada wa kampuni ya santuri ya Gallo ya Johannesburg, alizunguka Uganda, Kenya na Tanganyika. Alikuwa na gari lenye mitambo, na mashine ya umeme iliyowekwa mbali na waimbaji, ikiunganishwa kwa waya mrefu ili ngurumo yake isiingie katika wimbo. Maikrofoni hakuisimamisha mahali pamoja, bali aliishika mkononi na kuisogeza: huku kwa mwimbaji, huku kwa ngoma, kama mtu amulikaye kwa taa. Sahani ya santuri ya siku zile ilichukua dakika tatu hivi kila upande. Basi wimbo ambao kijijini ungeendelea mpaka watu wachoke ulipaswa kuisha kwa ishara ya mkono. Katika Tanganyika aliwanasa, miongoni mwa wengine, Wagogo na Wahaya. Na katika nchi ya Wakipsigisi wa Kenya, pale Kapkatet, aliwasikia wasichana wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika huko pamoja na gramofoni, na wasichana wale wakalitamka kwa matamshi ya lugha yao, wakamgeuza mwenye jina kuwa kiumbe nusu mtu na nusu mnyama. Wasichana wale hawakuwa wanamuziki wa kazi. Walikuwa wamesikia sauti itokayo katika sanduku, nao wakaijibu kwa wimbo wao wenyewe. Kisha sanduku jingine likaja kuuchukua wimbo ule.

Kisa cha Kapkatet chavutia, lakini kinachoonyesha zaidi uhusiano wa mtunzi wa ridhaa na mashine ni kile cha Jadotville, mji wa migodi wa Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, ambao leo waitwa Likasi. Huko, mwaka 1952, Tracey alimsikia barabarani kijana apigaye gitaa aitwaye Mwenda Jean Bosco. Kijana huyo alikuwa amezaliwa mwaka 1930, mtu wa Wayeke, ambao mji wao mkuu ni Bunkeya. Wayeke ni wageni wa karne ya kumi na tisa katika Katanga: wazee wao walitoka Usumbwa na Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, wakifuata biashara ya shaba na pembe, na Msiri, mkuu wao, akasimamisha dola iliyodumu mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold. Basi yule mpiga gitaa aliyekuja kujulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke alikuwa na asili yake upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, na Kiswahili alichoimbia, ingawa kilikuwa kimepita katika migodi na kambi za wafanya kazi, hakikuwa kitu kigeni katika historia ya watu wake.

Mwenda alikuwa kijana aliyesoma, na maisha yake yote alishika kazi za ofisini na shughuli nyingine mbali na muziki. Gitaa silo lililomlisha peke yake. Alipiga kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, na kutokana na vidole hivyo viwili zilitoka sauti ambazo msikilizaji asiyemwona angedhani ni za watu wawili. Nyimbo alitunga mwenyewe. Wimbo wake uitwao Masanga, ulionaswa katika mwaka ule wa 1952, ulitolewa kwa alama ya Gallotone, na santuri zake zikauzwa kutoka Katanga hadi Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja Nairobi, ambako mfanya biashara Peter Colmore alimtumia katika matangazo ya dawa ya Aspro, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza vidole vyake. Mwaka 1969 alialikwa katika tamasha la Newport, Marekani.

Hayo ndiyo yaandikwayo kwa kawaida, na yote ni ya kumsifu. Lakini yafaa kutazama upande wa pili. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alizisikiliza santuri za Mwenda kwa makini, akaandika upigaji wake kwa nota, na makala yake katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, aliyapa jina lenye maana ya mambo abuniyo Mwenda papo kwa papo katika gitaa. Jina hilo lilichaguliwa vema. Mwenda hakuwa na Masanga moja. Alikuwa na njia ya kupiga Masanga, na kila alipokaa chini njia ile ilimfikisha mahali pengine kidogo. Mashine ilinasa siku moja tu. Tangu hapo siku ile moja ikawa ndiyo Masanga yenyewe: wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wakajifunza kila nota yake kana kwamba imeandikwa katika kitabu, na mtunzi mwenyewe, alipopiga baadaye kwa namna nyingine, akapimwa kwa mfano wa santuri yake ya ujanani.

Kuna jambo jingine, nalo lawahusu wanafunzi wa lugha hasa. Kiswahili cha nyimbo zile ni Kiswahili cha Katanga, chenye upatanisho wake na maneno yake, ambacho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki isingekipitisha hata ukurasa mmoja. Vitabu vya miaka ile vilisafishwa kabla ya kuchapwa. Mashine ya Tracey haikuwa na msahihishaji wa lugha, ilipokea lililosemwa. Kwa hiyo mtu atakaye kujua jinsi kijana wa mjini Katanga alivyosema Kiswahili mwaka 1952 hana budi kwenda kwenye santuri za watu walioimba kwa mapenzi yao, na hapo atapata ushahidi ambao vitabu havina.

Mwenda angalau jina lake lilibaki juu ya wimbo wake. Si kila mtunzi aliyejaliwa hivyo. Hakuna wimbo wa Kiswahili uliosikika duniani kupita Malaika, na hakuna ambao umebishaniwa zaidi. Fadhili William, Mkenya kutoka Taita, ndiye aliyeutoa katika santuri mapema katika miaka ya 1960, katika kampuni ya Equator ya Charles Worrod huko Nairobi, na jina lake likaandikwa kuwa la mtunzi. Miriam Makeba aliuimba, na mwaka 1965 ukatoka katika santuri yake pamoja na Harry Belafonte. Mwaka 1981 ukaimbwa na kundi la Boney M. Mpaka alipofariki mwaka 2001, Fadhili alisema kwamba wimbo ni wake. Lakini Adam Salim, mtu wa Tanganyika aliyekaa Nairobi, alidai kwamba aliutunga yeye katika miaka ya 1940, naye pia alikuwa na watu wa kumshuhudia. Wengine tena wametajwa kutoka pwani.

Hapa si mahali pa kukata shauri hilo, wala pengine halitakatwa. Lenye maana ni umbo la ubishi wenyewe. Upande mmoja una santuri, yenye alama ya kampuni na jina lililochapwa. Upande wa pili una kumbukumbu: watu fulani walimsikia fulani akiuimba, jioni fulani, kabla ya mwaka fulani. Kijijini ushahidi wa namna hii ungetosha. Mbele ya kampuni ya London au New York haukuwa na uzito wowote. Mtu aliyetunga kwa ajili ya mapenzi, asiyekuwa na haja ya kampuni wala kampuni kuwa na haja naye, aligundua baada ya miaka ishirini kwamba wimbo ulikuwa umezaliwa rasmi siku ulipoingia katika mashine, na siku hiyo yeye hakuwapo.

Sheria za wakati ule hazikumsaidia sana. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria za hakimiliki mwaka 1966. Nchini Kenya, hata katika sheria mpya ya mwaka 2001, kazi hulindwa ikiwa imeandikwa, au imenaswa, au imetiwa katika umbo jingine la kushikika. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 yafuata njia nyingine: mtunzi hupata haki yake kwa ile kazi tu ya kutunga, bila sharti la kuandika wala kuandikisha. Kwa maneno mengine, mtu wa Kiriba aliyetunga wimbo wake pwani ya ziwa ana haki kamili kabla hajaonana na mashine yoyote, ambapo jirani yake wa Migori, ng'ambo ya mpaka, hana mpaka aunase. Tofauti hii ni kubwa katika kitabu cha sheria. Mbele ya hakimu hupungua, kwa kuwa mwenye haki bado atatakiwa kuonyesha kwamba alitunga, na njia iliyo nyepesi ya kuonyesha ni kuleta kitu kilichonaswa.

Katika Tanganyika, na baadaye Tanzania, mwenye mashine alikuwa redio. Kituo cha utangazaji kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1951, na tangu mwaka 1965 kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi hapakuwa na mahali pengine nchini pa kunasa muziki kwa ustadi. Redio ilinasa ili itangaze, si ili iuze. Nchi haikuwa na kiwanda cha kupiga santuri, hivyo wimbo uliokubaliwa ulikaa katika utepe, ukasikika nchi nzima, na mtunzi wake asiweze kununua hata nakala moja akamwekee mama yake. Maneno yalichunguzwa kwanza. Watumishi wa redio pia walisafiri mikoani na kunasa ngoma za makabila mbalimbali, na kwa ajili hiyo wanastahili shukrani kubwa, maana mengi waliyoyanasa leo hayapo tena ila katika tepe zao. Lakini mtunzi mmoja mmoja, asiye na bendi wala kikundi cha ngoma, mwenye gitaa lake na nyimbo kumi alizotunga kwa miaka kumi, hakuwa na mlango hasa wa kupitia. Hakuwa ngoma ya kabila, wala hakuwa bendi ya dansi.

Wenye kutaka santuri walikwenda Nairobi. Bendi nyingi za Tanzania zilivuka mpaka, zikanasa nyimbo zao kwa siku chache, zikarudi. Ndugu Wilson na George Kinyonga, walioanzia Tanga na Arusha, walikwenda na kukaa huko, wakaunda Simba Wanyika. Kwa mtu wa Mara, Kenya haikuwa mbali. Barabara ya Sirari ilipita Migori na Kisii, na Kericho ilikuwa na duka la Chandarana lililotoa santuri za lugha za Magharibi mwa Kenya. Ndipo katika Februari 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka, nao haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Wanahistoria wameandika mengi juu ya ndege na treni zilizogombaniwa katika miaka ile. Kwa watunzi wa mikoa ya mpakani miaka hiyo karibu saba ilikuwa na maana iliyo nyepesi kueleza: mashine ya serikali ilikuwa mbali kama zamani, na ile ya karibu ilikuwa imefungiwa nyuma ya lango.

Yamkini ndiyo sababu kaseti ilipokelewa kwa hamu kubwa. Kampuni ya Philips iliionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Katika miaka ya 1970 na 1980 redio-kaseti zilienea Afrika ya Mashariki hata vijijini, nazo zilikuja na kitu ambacho gramofoni haikuwa nacho kamwe, yaani kitufe chekundu cha kunasa. Kwa mara ya kwanza katika historia hii mwenye wimbo na mwenye mashine waliweza kuwa mtu mmoja.

Namna ya kunasa nyumbani yafaa kuelezwa kidogo, kwa kuwa wataalamu wameipuuza kana kwamba haina elimu ndani yake. Redio-kaseti huwekwa juu ya meza au kiti, mlango hufungwa, watoto hutolewa nje. Kipaza sauti kimo ndani ya redio yenyewe, kidogo sana, nacho hunasa kila kitu kwa kadiri ya umbali wake. Hakuna njia ya kupunguza sauti ya mtu mmoja baadaye. Njia iliyopo ni kumsogeza nyuma kabla ya kuanza. Basi mpiga gitaa hukaa mbele, mwimbaji kando yake, waitikiaji nyuma karibu na ukuta, na mwenye ngoma au kayamba karibu na mlango, au nje kabisa. Hujaribu, husikiliza, husogezana tena. Mtu akikohoa katika ubeti wa mwisho, wimbo hurudiwa tangu mwanzo. Betri nazo zina hila yake: zikipungua nguvu wakati wa kunasa, utepe huenda polepole, na siku ikichezwa kwa betri mpya sauti hupanda na mwendo huongezeka, hata mtu mzima huimba kama kijana. Jogoo na mvua ya bati zimo katika kaseti nyingi za namna hii. Aliye na sikio la studio huviita kasoro. Mwanahistoria hana sababu ya kuviita hivyo.

Kaseti ya dakika 60 yatosha nyimbo kumi au kumi na mbili. Kwa hiyo mtunzi wa ridhaa, ambaye kwa santuri angepewa nyimbo mbili tu, moja kila upande, alianza kufikiri kwa kadiri nyingine: ni wimbo upi uanze, upi umalize upande wa kwanza, upi ufichwe katikati kwa kuwa unamtaja mtu aliye hai. Zile dakika tatu za santuri zilikwisha. Wimbo uliweza tena kuwa mrefu kama ngoma. Neno albamu, lililokuwa la makampuni, likapata maana nyumbani.

Lakini uhuru huo ulikuja pamoja na hasara yake. Kaseti huigika kwa kaseti. Krister Malm na Roger Wallis, waliochunguza muziki wa nchi ndogo kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walionyesha jinsi biashara ya nakala zisizo na idhini ilivyokuwa imeota mizizi. Wanamuziki wa kazi waliumia mfukoni. Wa ridhaa aliumia kwa namna nyingine: kila nakala ya nakala iliongeza mvumo na kupunguza sauti, na karatasi iliyoandikwa jina lake kwa kalamu haikunakiliwa pamoja na utepe. Katika mikono mitatu au minne wimbo ulikuwa umerudi pale pale ulipokuwa kabla ya mashine, wajulikana na wengi, mwenyewe hajulikani, ila sasa hapakuwa na mwenyeji wa kusema huu ni wa fulani.

Baada ya redio za watu binafsi kuruhusiwa katika miaka ya 1990, na kompyuta kufuata, studio ndogo zilichipuka mijini, nyingine katika chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Mengi yameandikwa juu ya vijana wa muziki wa kizazi kipya walioinukia humo, wala hapana haja ya kuyarudia. Jambo moja tu ndilo lihusulo habari hii. Kompyuta humruhusu mtu kunasa gitaa kwanza, kisha sauti juu yake, kisha sauti yake tena akijiitikia mwenyewe. Mtunzi hana haja ya waitikiaji. Katika kaseti ya nyumbani walikuwa lazima, na kwa kuwa walikuwa lazima walikuwa pia mashahidi: watu wanne au watano waliojua kwamba wimbo ule ulitungwa na nani, na lini, na kwa sababu gani. Albamu ifanywayo na mtu mmoja usiku, akiwa amevaa visikizio masikioni, ni safi zaidi. Shahidi wake ni mashine tu.

Siku hizi simu ya mkononi yafanya kazi yote hiyo, nayo imefika kila mahali, Kiriba nako. Safari ya kilomita 1,000 imekwisha. Lililobaki ni la utunzaji, na hapa watu wa zamani walikuwa na desturi moja ambayo wenye simu hawana. Tracey, kwa kila wimbo alionasa, aliandika kadi: jina la mwimbaji, kijiji, wilaya, lugha, chombo, namna ya wimbo, tarehe. Kadi hizo na tepe zake ziliwekwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo baada ya kufa kwake mwaka 1977 ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Zaidi ya miaka 60 baada ya ile safari ya 1950, maktaba hiyo, pamoja na Wakenya wa mradi wa Singing Wells, ilirudisha nakala za nyimbo kwa Wakipsigisi, na wakawakuta baadhi ya wale walionaswa wangali hai, wazee, ambao hawakuwa wamepata kuzisikia sauti zao. Waliwapata kwa sababu jina la Kapkatet lilikuwa limeandikwa katika kadi.

Wimbo uliomo katika simu huitwa kwa tarakimu ambazo simu imejipangia yenyewe, na hausemi umetoka kijiji gani.